Barua ya Wazi kwa Mwalimu Mkuu: Namshtaki Mwalimu wa Darasa la Tano

Mwalimu Mkuu,



YAH: MWALIMU ANAYETUHARIBIA UTARATIBU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzazi shuleni kwako, na kwa miaka mingi nimejivunia Jumatatu zetu mstarini: wimbo wa taifa, ukaguzi wa kucha, kisha kiranja mwenye sauti kubwa anasoma majina ya wasiolipa mchango wa mlinzi, nao wanatoka mbele mmoja mmoja kama washindi wa zawadi.

Najua wapo wakorofi watakaotaja Waraka wa Elimu Namba 3 wa 2016, eti elimumsingi ni bila malipo. Watakukumbusha pia kwamba Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima shuleni. Usihangaike nao. Sisi hatutozi ada. Tunatoza mlinzi, rimu, mtihani wa Ijumaa na twisheni, na hakuna hata kimoja hapo kinachoitwa ada. Tena haki isemwe: ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Igawe kwa siku 194 za masomo, unapata kama shilingi 51, ambazo mtaani kwetu hazinunui hata andazi. Aliyepiga hesabu hiyo simshtaki leo, ila ningefurahi kumwona akifanya mtihani wetu wa Ijumaa, baada ya kuulipia.

Wiki iliyopita utaratibu ulifika kileleni. Mjukuu wa mlinzi alirudishwa nyumbani kwa kutolipa mchango wa mlinzi. Mchango haujalipwa kwa sababu babu hajalipwa, na babu hajalipwa kwa sababu mchango haujalipwa. Babu mwenyewe ndiye aliyemfungulia geti, akaandika daftarini muda wa kutoka.

Sasa mshtakiwa wangu.

Kuna binti wa Darasa la Tano alikuwa hawahi namba. Wenzake wanafagia tangu saa kumi na mbili na nusu, yeye anaingia saa mbili kasoro, vidole vinanuka mafuta. Mwalimu wa zamu alikuwa na dawa yake. Kanuni za 2002 zinataka viboko visizidi vinne, viwe kwa kosa kubwa, na viandikwe kitabuni. Lakini kitabu chetu ni kisafi, ya nini kukichafua? Mwalimu ninayemshtaki, badala ya kushika fimbo, alfajiri moja akaenda kununua vitumbua kwa bibi wa mtoto. Akamkuta binti anageuza vitumbua kwenye kikaango, mdogo wake kambeba mgongoni. Hakuhoji, hakuhubiri. Akala vitatu, akalipa, akaaga. Siku ya pili zamu ya usafi ya binti ikawa jioni, na Hisabati iliyokuwa kipindi cha kwanza ikasogezwa kipindi cha baadaye. Kwa vitumbua vitatu, Mwalimu Mkuu! Nimefikiria kuwaita TAKUKURU.

Hajakomea hapo. Kabatini mwake ameficha mashati yaliyoachwa na waliomaliza Darasa la Saba, yamefuliwa na kupigwa pasi. Mtoto mwenye shati lililochanika anatumwa chaki, anarudi na chaki na shati zima, na darasa halina habari. Mtoto huyo ataijuaje aibu? Kazi za nyumbani nazo anazisimamia darasani kabla ya kengele ya mwisho, kwa kisingizio kwamba nyumba nyingine hazina taa. Na wanaosinzia saa saba hawapigishi magoti. Anadai ule si usingizi, ni njaa.

Kuhusu hiyo njaa, Waraka umesema wazi kuwa chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni jukumu la mzazi. Yeye akaita wazazi wa darasa lake, asitaje pesa. Mwenye debe la mahindi alete, mwenye kuni alete, asiye na kitu aje akoroge uji siku moja kwa wiki. Matokeo yake ni mabaya kuliko nilivyohofia. Wazazi waliokuwa wakivikimbia vikao kwa kuogopa kudaiwa sasa wanakuja, wanakaa mbele, na juzi mama mmoja mkoroga uji ameuliza rimu za mwaka huu zilikuwa ngapi.

Usidhani ni tajiri anayetamba. Ana deni kwa Mangi wa dukani, nimeliona daftari, sukari ya uji imeandikwa mara nne. Ndiyo maana nasema hata akitaka hawezi kuendelea hivyo peke yake, na sisi tukinyamaza kidogo tu atachoka mwenyewe.

Lakini tusingoje. Naomba ahamishwe mapema, kwani ugonjwa umeanza kuenea. Jana mwalimu wa Darasa la Tatu ameonekana nyuma ya jiko akimuuliza mtoto, kwa sauti ya chini, kama nyumbani wamelala na kitu tumboni. Fimbo alikuwa ameiacha ofisini.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi

Nakala: Mlinzi, getini. Macho yake hayaoni herufi siku hizi, asomewe na mjukuu wake. Yuko nyumbani.