Waraka kwa Jamaa wa Litein, Kapkatet na Mogogosiek Kuhusu Fedha Zilizoingia Kompyutani

Waraka huu unaelekezwa kwa jamaa walio Litein, Kapkatet na Mogogosiek, hasa wazee wa boma na kina mama ambao simu zao hazikupokea ujumbe wowote wa M-Pesa kutoka Marekani mwezi wa Oktoba 2025, na shabaha yake ni kueleza, kwa utaratibu unaostahili jambo zito, jinsi mshahara wa mtu mzima unavyoweza kuingia ndani ya kasha la bati na usitoke tena.

Kwa mkulima wa chai, Oktoba ni mwezi wa bonasi, yaani yale malipo ya pili ambayo viwanda vinavyosimamiwa na KTDA huwapa wakulima wadogo baada ya hesabu za mwaka kufungwa mwishoni mwa Juni. Ughaibuni, katika mwezi uo huo, fedha zilielekea upande mwingine. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kuihudumia bure Windows 10, ambayo ni programu endeshi, yaani ile inayoiamsha kompyuta na kuzitawala programu nyingine zote, na wenye kompyuta wakahimizwa wahamie Windows 11. Kuhama kwenyewe hakuna nauli, ila mlangoni pana bawabu: prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, ikiwa imetengenezwa na Intel, kwa kawaida sharti iwe ya kizazi cha nane au cha baadaye. Kompyuta iliyonunuliwa mapema mwaka 2017 ikiwa na prosesa ya kizazi cha saba, kwa hiyo, haina ugonjwa wowote isipokuwa kwamba ilizaliwa kabla ya wakati wake.

Mkenya wa Marekani anayehusika na waraka huu, mwenye kompyuta ya aina hiyo, alikusudia kubadilisha prosesa peke yake, akaipeleka kompyuta kwa fundi. Prosesa hukaa juu ya kitako kilicho kwenye ubao mama, ile bodi pana inayounganisha viungo vyote, na kitako cha kizazi cha saba kina ncha 1151, ilhali kile cha kizazi cha nane nacho kina ncha 1151, hivi kwamba mtoto yeyote aliyefundishwa hesabu Bureti angehitimisha kuwa chipu mpya itakaa vizuri mahali pa ile ya zamani. Kukaa itakaa, lakini haitawaka, kwa kuwa Intel ilizipangia baadhi ya ncha hizo kazi nyingine na kuagiza kizazi cha nane kitumie ubao mama wa mfululizo wa 300. Ikabidi ubao ununuliwe. Na maadamu unanunuliwa, fundi alishauri kwa sauti ya daktari mwenye habari zisizopendeza, heri uwe wa kisasa kabisa. Nao ubao wa kisasa ulitaka kumbukumbu aina ya DDR5, huku iliyokuwapo ikiwa DDR4, ambayo pengo lake hukatwa mahali tofauti makusudi ili asitokee mtu wa kuishindilia kwa nguvu. Feni ya kupoza prosesa nayo haikulingana na matundu ya ubao mpya.

Kichaka cha chai hupogolewa kila baada ya miaka michache, na kikichipua hakuna anayekiita kichaka kipya, kwa sababu kisiki ni kile kile. Hapa kisiki ndicho kilichong'olewa, yakabaki majani mawili makavu, yaani kasha na waya wa ukutani, na bado risiti ikaandikwa "marekebisho".

Kuhusu leba, jamaa wafahamu kwamba huko Marekani mara nyingi fundi hulipwa hata kwa kutazama tu, kwani uchunguzi wa tatizo una bei yake hata mteja akiondoka bila kutengenezewa chochote. Mkenya akiuliza bei ya mwisho ni ngapi, kijana wa kaunta huirudia bei ile ile kwa sauti ya juu zaidi, akidhani mgeni hakusikia, kisha huongeza kodi. Hata hivyo haifai kumwonea fundi huyo, kwa kuwa halipwi kwa kuzungusha bisibisi, kazi ambayo kitinda mimba yeyote wa Mogogosiek angeiweza, bali kwa kujua kipi hakipatani na kipi, na kwa kuubeba mzigo endapo ncha moja itapinda au kifaa kitaungua mikononi mwake.

Lipo swali moja ambalo fundi huyo hakuliuliza, na ambalo fundi wa saiba yoyote ya Litein huanza nalo: mashine hii ni ya kufanyia nini? Jibu lingekuwa kutazama mazishi ya nyumbani yanapopeperushwa moja kwa moja na kujaza fomu za kodi, na kwa kazi hizo ingetosha kuondoa diski ya zamani inayozunguka na kuweka isiyozunguka, kama wanavyofanya mafundi wa Kenya kwa zile kompyuta za ofisini ziitwazo ex-UK, ambazo nyingi ubao na plagi zake za umeme zimeumbwa kwa namna ya pekee hata hakuna anayepoteza muda kuzibadilishia. Microsoft yenyewe iliuza ulinzi wa mwaka mmoja zaidi wa Windows 10 kwa dola 30, habari iliyomfikia Mkenya huyo baada ya kulipa.

Tena, katika miezi hiyo hiyo ya mwisho ya 2025, bei za kumbukumbu, ikiwamo hiyo DDR5 aliyotakiwa kununua, zilipaa, kwa sababu viwanda vichache vinavyozitengeneza vilielekeza nguvu kwenye maghala ya kompyuta za akili unde. Jambo hili halihitaji ufafanuzi mrefu kwa wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa, ambao bonasi yao imezoea kuwa chini ya ile ya wenzao wa mashariki, na ambao kila wakiuliza sababu huelezwa habari za mnada wa Mombasa na soko la dunia. Inaombwa, kwa heshima, maelezo yayo hayo yapokelewe safari hii kutoka kwa mtoto wao aliye nje, na mwalimu mkuu ajulishwe kwamba karo ya Januari itatumwa pindi soko la dunia litakapotengemaa.