Ukoko wa Basel

Wapo Watanzania wanaoweza kukaa Ulaya, wakala kinachopatikana na wakanenepa. Dada mmoja wa Bukoba niliyemkuta hapa Basel huchukua ndizi mbichi za dukani zilizovuka bahari kutoka Amerika Kusini, akazipika, akazila amefumba macho, na akimaliza anasema, "Si haba." Mtu wa Ifakara hana hiyo si haba. Sisi tumezaliwa bondeni, milima ya Udzungwa upande huu, ya Mahenge upande ule, na katikati mto Kilombero ambao kila masika unatoka kwenda kutembelea mashamba. Mtoto wa huko anajifunza kutambua michele kwa pua kabla hajajua kusoma: supa, kula na bwana, shingo ya mwali, mbawambili. SARO tunaiheshimu kwa kuzaa sana, ila harufu yake ni ya nusunusu, na mtu mstaarabu haisifu mbele ya wageni. Ukimwandalia Mndamba au Mpogoro wali usionukia, atauliza kwa adabu kabisa nani anaumwa humu ndani.

Sasa kwa nini mtu kama huyo aende Basel? Lawama zote ni za Rudolf Geigy, mtaalamu wa wanyama wa mji huu, aliyefika Ifakara 1949 kutafuta papasi na magonjwa yao. Kufikia 1957 maabara ikawa imesimama, na ndiyo iliyokua hadi kuwa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Tangu hapo njia haijafungwa: wao wanakuja kwetu kusoma mbu, sisi tunakwenda kwao kusoma yale waliyoyaona kwa mbu wetu. Bibi yangu alikuwa akisimulia jinsi masista wa Kiswisi walivyohangaika na mkate, wakiukanda na kuuoka katika joto la Ifakara, wakati wali upo mezani unatoa moshi. Aliwahurumia sana. Huruma hiyo angewawekea akiba wajukuu zake.

Mchele wa kwanza nilionunua hapa ulikuwa kwenye vifuko vya plastiki vyenye matundu. Unachemsha kifuko na vilivyomo, unakiinua kwa uma, kinachuruzika maji, unakipasua. Wali unamwagika sahanini, kila punje imemnunia jirani yake. Hakuna kuchagua mawe, hakuna kupepeta, hakuna ukoko. Nilikula nikiwa na mashaka kwamba nimeruhusiwa kutoka hospitali mapema.

Halafu nikapata habari iliyonitoa machozi: Waswisi nao wanalima mpunga! Ni kweli kabisa. Huko Ascona, kusini, kando ya Ziwa Maggiore, wanalima tangu 1997. Nikaona hawa sasa ni ndugu. Nikaununua kwa bei ambayo Ifakara ungerudi nyumbani na gunia. Kumbe ni mchele wa risotto, ambao wenyewe wanausimamia na mwiko tangu mwanzo mpaka mwisho, wakikoroga na kuongeza supu ya kuku kidogokidogo, na unapoiva unakuwa uji mzito wenye jibini. Kwetu binti akikoroga wali namna ile, shangazi zake wanaitwa.

Mkombozi wangu alikuwa kaka mmoja Mtamil mwenye duka karibu na stesheni. Watamil wa Sri Lanka walikimbilia Uswisi kwa wingi wakati wa vita vya kwao, na maduka yao ndiyo balozi za watu wote wanaokula vitu vyenye ladha. Pale kuna bamia, muhogo, mchicha, samaki wakavu, nazi nzima. Nilimweleza shida yangu. Akanisikiliza kwa uchungu wa mtu anayeujua msiba huo, akanipa majani marefu ya kijani yanayoitwa rampe. Kipande kidogo tu kwenye sufuria, akasema, na mchele wowote utanukia.

Hakuwa mganga. Harufu ya mchele mzuri inatokana hasa na kemikali moja, 2-asetili-1-pirolini, na majani yale yanayo tele. Cha ajabu ni kwamba kemikali hiyohiyo ndiyo inayonukia kwenye ganda la mkate uliotoka tanuri sasa hivi. Nilipolisoma hilo nikaelewa kwa nini kila asubuhi nikipita mbele ya duka la mkate njaa ya nyumbani inanishika mabega. Masista wa bibi walikuwa wanaisaka harufu ileile, wao kwa unga, sisi kwa mpunga.

Basi kaka alisema kipande kidogo. Mimi nikatia fungu zima. Wali ulitoka na rangi ya sare za jeshi, unanukia majani yaliyofyekwa jana.

Ndipo nikaamua kwamba tatizo si mchele, ni moto. Wali bila kupaliwa ni nini? Jiko la umeme linatoa joto chini tu, juu hakuna kitu. Nikanunua makaa ya kuchomea nyama, nikayawasha kwenye roshani jioni ya Novemba, nikainjika sufuria, nikatia tui la kopo, na maji yalipokauka nikapanga makaa mekundu juu ya mfuniko. Harufu ikaanza kuja, ile yenyewe! Nikasikia kengele. Mlangoni alisimama bibi wa ghorofa ya chini, amevaa gauni la kulalia na ameshika mtungi wa kuzimia moto, tayari kwa vita. Nilimwamkia. Nikajaribu kumweleza kupalia kwa Kijerumani, lugha yenye maneno marefu kwa kila jambo isipokuwa hilo. Alisogea, akaitazama sufuria inayowaka juu, akanitazama mimi, akaondoka na mtungi wake bila kuutumia. Namshukuru. Kesho yake tangazo lilibandikwa kwenye lifti. Halikutaja mtu, lakini walichora sufuria, wakachora moto juu yake, wakapiga mstari mwekundu.

Likizo iliyofuata nilikwenda nyumbani, nikarudi Basel na mzigo. Tangu 2020 Uswisi haitaki matunda wala mbegu kutoka nje ya Ulaya bila cheti, isipokuwa nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani; aliyeandika orodha hiyo bila shaka ana wajomba Mafia. Nazi zangu zikapita. Maembe yakabaki. Kambale wa kubanika, ofisa alifungua mfuko, akaufunga haraka kuliko alivyoufungua, akaniashiria nipite. Mpunga alionifungia mama, ili nikoboe mwenyewe uwe mpya, ukahesabiwa mbegu ukachukuliwa. Nilitazama supa ile ikitiwa kwenye pipa, nikageuka ukutani.

Nikampigia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekula?"

"Nitakula nini? Supa yangu wameitupa. Mama, mtu aliyelelewa kwa supa..."

"Nani aliyelelewa kwa supa?"

"Sisi."

"Supa ilikuwa inapanda lori kwenda Dar, ndiyo iliyokulipia ada. Nyie mlikula chenga."

"Chenga za supa, lakini."

"Za SARO. Supa labda uliinusa kwa jirani. Hata huo mpunga waliokunyang'anya ni SARO."

Sikuwa na la kusema. Yeye alikuwa nalo.

"Sasa sikiliza. Ukija tena, niletee ule mchele mrefu wa Kihindi uliomletea shangazi yako. Kilo tano. Unachambuka wenyewe ule, hata nazi hauhitaji. Na usiupitishe sokoni, watu wakauona."