Peoni na Masharti Yake

Mimi mtu wa Muheza. Kwetu ukitaka mhogo unakata kijiti, unachomeka ardhini, unaenda zako barazani. Mchicha ndiyo kabisa, hujiotea hata usipoutaka. Kwa hiyo mnivumilie nikilalamika. Hapa Indiana, ambako peoni ni ua rasmi la jimbo tangu 1957, naishi na mmea usionihesabu kuwa mtu.

Chanzo ni mama watoto. Ameshikana na akina mama wa mtaani wenye bustani, na sasa kwetu ua haliitwi ua tu. Kuna peoni ya majani, inayokauka yote mpaka chini baridi ikiingia, kisha ikachipua upya. Kuna peoni ya mti, yenye asili ya Uchina: hii hupukutisha majani, lakini vijiti vyake hubaki vimesimama, vikavu, vya kuchukiza, vinaomba panga. Novemba nikishika tu mkasi wa bustani, sauti inatoka dirishani: “Baba watoto, hiyo ya mti usiiguse!”

Halafu kuna chotara. Bwana Toichi Itoh wa Japani alichanganya hizo mbili mwaka 1948, kazi iliyowashinda wengi, akafariki mwaka 1956 kabla miche yake haijatoa ua hata moja. Maskini, huyo ndiye peke yake katika habari hizi ninayemwelewa. Leo chotara hao wenye maua ya manjano wanauzwa kwa bei ambayo nikitajiwa huomba maji ya kunywa.

Kibao cha jina kikipotea ndipo utakapowajua majirani. Ua la rangi ya waridi lililojaa petali limechanua, wanakuja kulitambua. “Sarah Bernhardt,” anasema mmoja. Mwingine anabisha, ananusa, anapima shina, anasogeza miwani. Sarah alikuwa mwigizaji wa Ufaransa, na Lemoine, mkulima wa maua wa mji wa Nancy, ndiye aliyelipa ua jina hilo mwaka 1906. Nashuku tangu hapo kila peoni ya waridi isiyo na kibao imebandikwa Sarah. Lakini nani ananiuliza? Mimi naulizwa kama chai imeiva.

Kuzalisha sasa. Ukichomeka kijiti cha peoni ya majani kitaoza. Mbegu? Mwaka wa kwanza inatoa mzizi tu, baridi ya pili ipite ndipo uone jani, na ua usubiri miaka minne, mitano, nalo lisifanane na mama yake. Njia inayokubalika ni kungoja Septemba, ung'oe mizizi yote, uioshe kwa mpira, kisha ukate vipande, kila kimoja kiwe na macho matatu hadi matano, yale machipukizi mekundu. Macho hayo hufukiwa sentimita tano, basi. Ukizidisha kina utavuna majani matupu. Mimi niliyepanda minazi kwa kukadiria, napigishwa magoti matopeni na rula ya mtoto ya shule, huku mtu kasimama nyuma yangu anasoma namba.

Na baada ya mateso yote hayo ua linakaa wiki moja hivi. Mvua ikipiga, vichwa vizito vinalala matopeni. Sisimizi nao wakijaa kwenye matumba, ole wako upulize dawa: wamefuata utamu, wageni hao, waache.

Sasa mwenye nyumba kapandisha kodi. Nimehangaika, nimepata nyumba nafuu, vyumba vikubwa, karibu na kazini, itakuwa wazi Juni. Nikamwambia mama watoto tufunge virago.

“Juni? Peoni haihamishwi Juni. Mpaka Septemba.”

“Na kodi ya miezi hiyo yote?”

“Si utalipa, baba watoto. Na hiyo nyumba yako, uani jua linapiga saa ngapi?”