Sifa za Hitilafu

Wapo viumbe ambao dunia haiwataji ila kwa laana, na miongoni mwao sijui aliyetukanwa kwa dhuluma kubwa kuliko Hitilafu, yule akaaye mpakani baina ya mtambo mmoja wa kompyuta na mwingine, ambaye kazi yake ni kumwarifu mtu aliyehama kutoka Windows kwenda Macintosh, au kutoka Macintosh kwenda Linux, kwamba programu aliyokuja nayo haitafunguka, na kwamba waraka uliokuwa kurasa kumi jana leo ni kurasa kumi na moja, na jedwali lake limekatika kiunoni. Mhamaji huyo hupandwa na hamaki, akamshitaki Hitilafu kwa kila amwonaye, wala hatokei kadhi wa kumwuliza mshitakiwa kama ana la kujitetea. Mimi nimejitolea kuwa wakili wake bila ya ujira. Sidai aachiwe huru tu. Nadai avikwe joho na aketishwe mahali pa heshima, maana katika nyumba yote ya kompyuta, iliyojaa waitikiao naam kwa kila neno, yeye peke yake ndiye mkweli.

Ushahidi wangu wa kwanza ni wa kalenda. Mwaka 1983 ilitoka programu ya majedwali iliyoitwa Lotus 1-2-3, nayo ilizihesabu siku tangu mwanzo wa mwaka 1900; lakini mwaka huo iliupa Februari yenye siku 29, ilhali kanuni ya kalenda yasema wazi kwamba mwaka wa kufunga karne usiogawanyika kwa 400 haustahili siku hiyo, ndiyo sababu 2000 uliipata na 1900 haukuipata. Microsoft ilipoitunga Excel iliijua kasoro hiyo vyema, ikaiiga kwa kusudi, ili majedwali ya Lotus yapate kuhamia kwake bila ya kuvurugika. Hivi ndivyo Utangamano, hasimu wa mteja wangu, bwana anayesifiwa katika kila baraza, alivyoingiza duniani siku ambayo jua halikupata kuichomozea. Na hata leo ukiiandikia Excel tarehe 29 Februari 1900, huipokea kwa bashasha wala haioni haya.

Upande wa Macintosh, ambako Excel ilitokea mwaka 1985 kabla ya kufika Windows mwaka 1987, hesabu ilianzishwa tarehe 1 Januari 1904, na kwa kuuruka mwaka 1900 uongo wote ukaepukwa kwa hatua moja. Tofauti ya hesabu hizo mbili ni siku 1,462, na ndani yake imo ile siku ya uongo. Basi karani azitoapo tarehe katika jedwali la hesabu ya 1904 akazimimina katika jedwali la hesabu ya 1900 pasipo hadhari, mtoto aliyezaliwa tarehe 15 Agosti 1990 huweza kuonekana amezaliwa tarehe 14 Agosti 1986; akizipeleka kinyume, mtoto yule yule huwa wa tarehe 16 Agosti 1994. Karani hushika kichwa. Laiti angetafakari, angeona kwamba ameonyeshwa bure jambo ambalo Utangamano amelifunika kwa miaka mingi, na kwamba mzee anayekaribia kustaafu ameongezewa miaka minne ya ujana bila ya dawa wala hirizi. Tabibu gani amewahi kufanya hivyo kwa siku moja, na kwa ofisi nzima?

Wala siku hiyo si mzigo pekee ambao Utangamano ameubeba kwa ajili ya kupendwa. Mchezo wa SimCity, katika toleo lake la Windows za kabla ya 95, ulikuwa na aibu ya kuirudisha sehemu ya kumbukumbu ya mashine na kisha kuendelea kuisoma, kama mpangaji aliyekabidhi ufunguo ilhali kila usiku hupenya dirishani akalale kitandani. Katika Windows hizo za zamani hapakuwa na wa kumkamata. Windows 95 ingemkamata, na mchezo ungeanguka. Lakini watengenezaji wa Windows walijua kwamba mnunuzi ataulaumu mfumo mpya wala si mchezo wa zamani, wakaiwekea Windows maagizo ya siri, kwamba itambuapo SimCity imefunguliwa, isiharakishe kuitwaa kumbukumbu ile, ili mkosaji alimalize kosa lake kwa amani. Huo ni upole wa kustaajabisha. Nakiri kwamba Hitilafu hana upole huo. Yeye angeuangusha mchezo mbele ya watoto wote, nao wangejua siku ile ile kwamba ulikuwa na ila.

Apple, tukiitendea insafu, haijamnyima mteja wangu riziki yake kwa muda mrefu. Mwezi Januari 2006 ilianza kuuza Macintosh zenye chipu za Intel badala ya PowerPC, ikamweka mkalimani wa kuzitafsiria programu za zamani, akaitwa Rosetta, kwa jina la lile jiwe lililopatikana Rashid, nchini Misri, mwaka 1799, lenye amri moja katika hati tatu. Jiwe limedumu zaidi ya miaka elfu mbili. Mkalimani aliachishwa kazi mwaka 2011, toleo la Lion lilipotoka, na programu za PowerPC zikawa bubu kwa kila aliyelipokea toleo hilo. Mwaka 2019 toleo la Catalina likazifungia mlango programu za biti 32, na mwaka 2020 chipu zikabadilishwa tena, akaajiriwa Rosetta wa pili. Kila mara wenye mashine waliomboleza; na kila mara, walipozifungua kabati zao ili kuhesabu marehemu, waliona kwamba wengi wao hawakuwahi hata kusalimiwa kwa miaka. Pasipo Hitilafu, nani angewahimiza watu hao wafagie?

Fadhila zake kwa fasihi hazina budi kutajwa, japo kwa ufupi. Unix, pamoja na Linux inayoifuata, humaliza mstari kwa alama moja, ile ya namba 10 katika jedwali la herufi za kompyuta. Macintosh za kale kwa alama ya 13. Na DOS, pamoja na mrithi wake Windows, kwa zote mbili, kwa kuwa mashine za kale za kupigia simu za maandishi zilihitaji amri moja ya kukirudisha kigari mwanzo wa mstari na nyingine ya kuisogeza karatasi. Kwa sababu hiyo, utenzi ulioandikwa katika Linux na kufunguliwa katika Notepad ya Windows ulionekana, hadi iliporekebishwa mwaka 2018, beti zake zote zimeungana katika mshororo mmoja usio na mwisho. Msomaji alilazimika kuvitafuta vina kwa sikio lake mwenyewe. Walimu wa ushairi wamewahi kutumia viboko kwa lengo hilo, wasifanikiwe.

Lakini fadhila yake iliyo kubwa ni kwamba humwambia mtu ni nani mwenye maneno yake. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili katika menyu zake, kazi ya kuonewa fahari. Na aliyeitumia alipaswa kukumbuka, kabla ya kumpelekea mtu barua, kuihifadhi katika umbo la doc la Microsoft Word, kwani mpokeaji aghalabu hakuwa na programu nyingine ya kuifungulia. Maneno ni yako, lugha ni ya mama yako, na programu ni huru. Illa umbo ni la bwana mwingine, ambaye hadi mwezi Februari 2008 hakuwa ameyatangaza kwa wote bila ya masharti maelezo ya jinsi faili hizo zinavyoundwa, hata waliotaka kuzisoma wakawa wanazichungulia na kubahatisha. Mtu aliyekaa katika Word maisha yake yote hakuambiwa habari hii na yeyote. Aliambiwa na Hitilafu, siku alipojaribu kutoka.

Mji wa Munich, nchini Ujerumani, uliambiwa kwa sauti kubwa zaidi. Mwaka 2003 baraza lake liliazimia kuiacha Windows na kuhamia Linux, na habari hiyo ilikuwa nzito hata Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft wakati huo, akayakatiza mapumziko yake ya kuteleza thelujini ili akamwone meya. Uhamaji ulikwisha mwaka 2013, kompyuta zipatazo 15,000 zikiwa zimehamishwa, na katika safari hiyo ndefu Hitilafu alikuwa mkaguzi asiyelipwa mshahara: kila idara ililazimika kuyatoa nje makro na violezo vyake vya barua, ambavyo hapo awali havikuwa na mtu wa kuviulizia, na mji ukatunga programu yake wenyewe, WollMux, ili kuvisimamia. Mwaka 2017 baraza likaamua kurudi Windows. Wapo wasemao kwamba Hitilafu aliwashinda. Mimi naona aliwakirimu mara mbili, kwenda na kurudi, na si kila mwenyeji hufanya hivyo.

Atasimama mtu na kusema kwamba hotuba hii imechelewa, kwa kuwa siku hizi kazi hufanyika ndani ya kivinjari, na kivinjari hakijali mashine ya mtu. Namwelekeza Korea Kusini. Huko, kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, walijitungia njia yao ya kusimba malipo ya intaneti, na njia hiyo ilikwenda kwa ActiveX, kiongezo cha kivinjari ambacho makazi yake yalikuwa Internet Explorer ya Windows; hivyo nchi yenye intaneti ya kasi ya kuhusudiwa ikakaa miaka mingi ambapo mwenye Macintosh au Linux alipata taabu hata kufanya shughuli za benki. Microsoft ilipoiondoa Internet Explorer kazini mwezi Juni 2022, mhandisi mmoja wa nchi hiyo aliichongesha jiwe la kaburi kwa fedha zake, likawekwa juu ya mkahawa katika mji wa Gyeongju, lina wasifu wa marehemu usemao kwamba alikuwa chombo kizuri cha kupakulia vivinjari vingine. Watu wakaenda kupiga picha. Mteja wangu hajafa, na kwa mwendo huu wa dunia hatakufa karibuni. Lakini ameniagiza niseme kwamba jiwe kama hilo yu tayari kulipokea mapema, na kwamba maandishi yake yakifunguka vibaya katika mashine ya mchongaji, hatalalamika.