Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mtunza Hati za Ardhi

Mheshimiwa Konservateri,

Naleta mezani pako ombi la mkazi wa Uvira asiye na parseli ya kuuza wala fedha za kununua, na kwa hiyo, natumai, shahidi asiyeshukiwa tamaa.

Desturi yetu, tangu Kalundu hadi Kavimvira, waijua: muuzaji huketi na mnunuzi mbele ya shefu wa karitye na mashahidi, akatia sahihi karatasi isemayo kwamba yeye, kwa heshima yake, ndiye mwenye mali, na kwamba mali hiyo haina deni, wala daawa, wala ndugu mrithi aliyefichwa, kisha muhuri hugongwa, mashahidi wakapewa soda, na mnunuzi akarudi kwake akiwa amenunua, kwa kweli, heshima ya mtu. Wako mashahidi walioshuhudia parseli moja kwa wanunuzi wawili, na soda zote mbili zikawashukia salama.

Lakini lililoniinua kuandika si hilo, bali sheria yenyewe. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, katika kifungu chake cha 53, yatamka kwamba ardhi ni milki ya Dola peke yake, haiuziki, wala haki hiyo haifi kwa kupita miaka. Sisi raia twaruzukiwa idhini ya kuikalia, na kumiliki tulichojenga juu yake. Basi jirani yangu aapapo kwamba udongo huu ni wake, amesema uongo kisheria, hata kama babu yake amezikwa chini ya mwembe wa ua uleule. Na kwa kuwa sheria ya jinai humwadhibu auzaye mali isiyohamishika isiyo yake, hakimu mwenye bidii ya kupita kiasi angeweza kulijaza gereza la Mulunge kwa asubuhi moja.

Insafu yataka kiapo kianzie kwa mwenye mali. Naomba Dola nayo ije, iketi kwenye benchi la shefu wa karitye, iape kwa heshima yake kwamba haikutoa hati mbili juu ya parseli moja, na kwamba mkono uliopima haukuwa ndio mkono uliouza. Kisha ifafanue habari za kifungu cha 389 cha sheria hiyohiyo, kilichoahidi amri ya Rais ya kupanga haki za wenyeji juu ya ardhi zao, amri ambayo wazee wengi wa Wavira waliingoja mpaka wakazikwa katika ardhi hiyohiyo iliyokuwa ikingoja kupangwa.

Yuko na mdai mwingine. Sisemi mto Mulongwe, ambao mwezi wa Aprili 2020 ulichukua nyumba pamoja na roho za watu, kwani hilo si la mzaha. Nasema Ziwa Tanganyika, ambalo tangu mwaka huo limeingia katika nyumba za Kavimvira na Kilomoni, likatoka kidogo, na mwaka 2024 likarejea kama mtu aliyesahau funguo zake, bila hati ya mauzo wala muhuri. Kwa kuwa cheti cha usajili, kikitimiza miaka miwili, hakipingiki tena mbele ya mahakama, nauliza kwa adabu: ziwa lianzie dirisha gani, lilipe ada kiasi gani, na je, ofisi yako yaikubali sahihi ya kiboko?

Wako mtiifu,
Mkazi wa Uvira