Ndoano Namba Kumi ni Ndogo Kuliko Namba Moja

Kwa Kukhu, Mama, Mjomba wa Sio Port, na nyote mtakaosomewa barua hii hapo Malaba,

Huku Texas kazi ya godauni ipo, pesa ya karo nimetuma. Hayo mengine mnayajua. Leo nawaandikia habari za ndoano.

Jumamosi niliingia duka la vifaa vya uvuvi kununua ndoano moja. Duka lina ngazi za umeme, lina mkahawa, na katikati yake kuna bwawa lenye samaki hai ambao ni marufuku kuwavua. Muuzaji, kijana mwenye adabu, akaniuliza nataka namba ngapi. Nikasema kumi, maana mtu aliyelelewa vizuri haombi kidogo. Akanipa kitu ambacho Kukhu hangekiona hata akivaa miwani. Sehemu hiyo Mjomba unaijua: namba ikipanda, ndoano inapungua. Lakini subiri. Ikishafika namba moja, hesabu inageuka. Wanaweka mkwaju na sifuri, na kuanzia hapo namba ikipanda ndoano nayo inakua. Kwa hiyo 3/0 ni kubwa kuliko 1/0, 1/0 ni kubwa kuliko 1, na 1 ni kubwa kuliko 10. Mwalimu wangu wa hesabu alinichapa kwa makosa madogo kuliko hayo, na huku huo ndio mpango rasmi.

Mtauliza ndoano ni ya nini. Wenzangu wa godauni wamesikia kwamba kwetu kuna Ziwa Victoria, basi wakaamua mimi ni mvuvi, wakanialika. Sikuwabishia. Nyinyi mnajua kwamba mimi ni mtoto wa Malaba, kwamba maji niliyoyazoea ni ya mto tunaovukia kwenda Uganda, na kwamba ziwa nililiona wakati wa likizo tu nikija kwa Mjomba kula. Ila mtu akikupa cheo ugenini, unakivaa kwanza, kipimo baadaye.

Samaki anayewatoa usingizini huku ni besi wa mdomo mpana. Aliyefika Naivasha huenda amemla, kwa sababu alipelekwa kule mwaka 1929 ili wenye mashamba wapate mchezo. Yaani yeye aliingia Kenya akatiwa ziwani bila kuulizwa swali lolote, na mimi kuingia kwao nimeulizwa hata jina la babu.

Twende kwenye fimbo. Mimi nilidhani fimbo ni fimbo. Kumbe ina urefu, ina nguvu, na ina namna ya kupinda, na hayo ni mambo matatu mbalimbali. Kuna inayopinda nchani tu: hiyo ni ya ndoano moja nene, kwa sababu unataka ukivuta ichome mara moja. Kuna inayopinda kuanzia katikati: hiyo ni ya chambo cha mbao au plastiki chenye ndoano za matawi matatu, ambazo ukivuta kwa pupa zinamchana samaki mdomo na anaondoka. Penye magugu unatumia fimbo nzito. Penye maji meupe, nyepesi. Rafiki yangu mmoja wa godauni amebeba fimbo saba kwenye mashua ya watu wawili. Nilipomuuliza kama hakuna moja inayoweza kufanya kazi zote, alinong'ona, kama anayesaliti chama, kwamba ipo: futi saba, nguvu ya kati kuelekea nzito, yenye kupinda nchani. Sasa zile sita ni za nini? Akabadilisha mazungumzo.

Mshipi nao una madhehebu matatu. Kuna nailoni ya uzi mmoja, ambayo huvutika na kumsamehe mvuvi mwenye mikono mizito. Mjomba, ni uzi uleule ambao ukikutwa umefumwa nyavu, maofisa wa uvuvi wanauchoma moto ufukweni. Hapa uko rafuni karibu na biskuti. Kuna florokaboni, unaozama na ambao samaki hauoni vizuri, kwa kuwa mwanga unapita ndani yake karibu sawa na unavyopita majini. Halafu kuna mshipi wa kusuka, mwembamba, wenye nguvu ya ajabu, usiovutika hata kidogo, lakini samaki anauona. Kwa hiyo unanunua wa kusuka, kisha mwishoni unaunganisha kipande cha ule usioonekana. Unanunua mara mbili ili umdanganye samaki mmoja.

Sasa kaeni vizuri niwaeleze mashine yenyewe. Inaitwa rili ya kurushia chambo, nayo hukaa juu ya fimbo. Ndani kuna kigurudumu kilichoviringishiwa mshipi. Pembeni kuna kitufe cha kulegeza, kifundo cha kukaza, breki ya sumaku yenye namba, na mkono wa kuzungusha. Ukirusha, chambo kinaruka na kigurudumu kinazunguka kukitolea mshipi. Tatizo ni kwamba chambo kikipunguza mwendo hewani, kigurudumu hakina habari. Kinaendelea kutoa mshipi ambao hauna pa kwenda. Mnajua ile siku mtambo wa forodha unapokwama Malaba: lori la mbele limesimama getini, na ya nyuma yanaendelea kuja kutoka Bungoma na kubanana hadi pikipiki haipiti. Hicho ndicho hutokea ndani ya rili, kwa nusu sekunde. Dawa yake ni kidole gumba: unakilaza juu ya kigurudumu, ukikipapasa kikiwa kinakimbia, na kukibana kabla chambo hakijagusa maji. Sumaku zote hizo na breki zote hizo, na bado kazi inafanywa na gumba. Langu halijaelewa. Nikirusha, chambo kinaanguka karibu na kiatu changu, kisha naketi chini kufumua mafundo huku wenzangu wakivua. Wakiniuliza, nasema kwetu huwa tunaanza polepole.

Lakini heshima yangu ilirudi tulipofika kwenye kufunga ndoano. Fundo wanalolisifu linaitwa Palomar. Unakunja mshipi mara mbili, unaupitisha tunduni, unapiga fundo la kawaida, unaipitisha ndoano yote kwenye kitanzi, unalilowesha kwa mate, unavuta. Mate ni ya lazima: nailoni ikikazwa kavu inajichoma kwa msuguano na kupoteza nguvu. Wao wamejifunza hayo kwa video. Mimi nilikuwa nikifunga magunia ya mahindi na trei za mayai kwa mpira wa blada nyuma ya baiskeli, kwenye vijia ambavyo sivitaji kwa kuwa barua hii inasomwa hadharani. Kilichofungwa na kijana wa Malaba hakifunguki mpaka mwenye mali alipe. Nikafunga langu, wakalivuta wawili wawili, likasimama. Sasa naitwa fundi wa mafundo, na kazi yangu mashuani ni hiyo.

Jambo jingine litakalowachekesha. Ziwa tunalovulia linaitwa Texoma, bwawa la Mto Red lililokamilika mwaka 1944, na mpaka wa majimbo ya Texas na Oklahoma umepita majini. Nikasikia niko nyumbani! Nikasubiri askari, nikasubiri mtu aseme tumevuka. Hakuna. Wanauza leseni ya ziwa hilo peke yake, dola 12, na ukiwa nayo unavua pande zote mbili. Niliwaza kile kituo cha pamoja cha mpakani ambacho Uhuru na Museveni walikifungua Busia mwaka 2018, nikawaza na wavuvi wa Port Victoria wanaojikuta mikononi mwa askari wa upande wa pili kwa kuvuka mstari ambao hakuna samaki aliyewahi kuuona. Malori yamepata kituo chao. Mashua bado.

Na sasa lile ambalo Mama hataamini. Baada ya fimbo, mshipi, rili na mnyoo wa plastiki unaonukia kitunguu saumu, rafiki yangu akavua besi wa kilo tatu hivi. Akampima, akampiga picha, akamrudisha majini. Nilibaki nimeshika ndimu. Sheria inaruhusu kuchukua watano kwa siku wasiopungua inchi 14, lakini wengi wao hawachukui hata mmoja. Desturi hii ilikolezwa na Ray Scott wa Alabama, mwandaaji wa mashindano ya kuvua besi, aliyeanza mwaka 1972 kuwataka washiriki wake wamrudishe samaki akiwa hai.

Ajabu ni kwamba besi mkubwa kuliko wote alivuliwa na mtu wa aina yetu. George Perry, kijana mkulima wa Georgia, tarehe 2 Juni 1932, wakati wa dhiki kuu ya uchumi, alimtoa besi wa kilo 10 na kidogo. Inasimuliwa kwamba yeye na mwenzake walikuwa na fimbo moja na chambo kimoja, wakipokezana. Rekodi hiyo ilifikiwa tu na Mjapani mmoja mwaka 2009, na hadi leo maduka yanauza fimbo saba saba kwa watu wanaomtafuta samaki wa Perry. Perry mwenyewe alimpeleka nyumbani, wakamla.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: fimbo moja inatosha, na samaki aliyefikia kipimo ni mboga. Ila kuhusu kipimo, Mjomba, hawa wamenishinda hoja. Mbuta wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi, unajua, na najua unajua. Kama mtu anaweza kumwachia samaki wa kilo tatu kwa ajili ya picha, nawe mwachie kitoto cha mbuta kwa ajili ya mwaka ujao. Na yeyote anayepanda ndege kuja huku, mpeni omena wakavu, kilo mbili. Msiwapime, wafungeni tu.