Ugomvi wa Milimita Moja

Huko Marekani wapo wanaume walionuniana na mashemeji zao kwa sababu ya milimita moja. Mmoja ana bastola ya milimita 9, mwenzake ya .40, ambayo risasi yake ukiipima upana ni milimita 10 na kidogo. Kila mmoja anamcheka mwenziwe kuwa amebeba manati.

Hiyo .40 ilitoka mwaka 1990, baada ya FBI kulalamika kwamba risasi zao zilikosa nguvu kwenye mapambano ya risasi huko Miami mwaka 1986. Polisi wakaikimbilia. Kumbe inarusha mkono, na shabaha zikapotea. Katikati ya miaka ya 2010 FBI hao hao wakarudi kwenye 9, na idara nyingi zikafuata kimyakimya, kama mtu aliyemrudia mke wa kwanza.

Ndiyo maana soko la mtumba limejaa Glock 23, bastola za .40 zilizoachwa na polisi. Kwa nje rangi imechubuka kwa kuingia na kutoka kwenye mkoba wa kiunoni. Chungulia ndani ya mtutu, bado unang'aa, maana askari wengi hulenga shabaha siku chache tu kwa mwaka. Mnunuzi anaona dola 300 na ushei, anakumbuka Glock 19 mpya ya milimita 9 inapita 500, umbo lile lile, ila risasi 13 badala ya 15. Anapiga kifua: amepata cha dezo!

Haya, hongera. Ila boksi la risasi za .40 ni ghali kuliko la 9, na bastola hununuliwa mara moja tu.